142857 Haikutoka Kwenye Piramidi

142857 ni namba inayopatikana 999999 inapogawanywa kwa 7. Nasaba yake yote ndiyo hiyo, na kila ajabu inayosimuliwa juu yake imetoka humo. 1 ikigawanywa kwa 7, jibu ni 0.142857142857 na kuendelea, tarakimu sita zilezile zikirudi kwa mpangilio uleule bila mwisho.

Sifa iliyoipa umaarufu inaonekana katika kuzidisha. Mara 2 inatoa 285714. Mara 3, 428571. Mara 4, 571428. Mara 5, 714285. Mara 6, 857142. Tarakimu hazibadiliki wala hazivurugi foleni, zinazunguka tu: za mbele zinahamia nyuma. Mara 7, mzunguko unakatika ghafla na jibu ni 999999.

Hapo ndipo swali linapozuka, lilelile kila mara, na mara nyingi likiwa limeambatana na video iliyopita simu kwa simu: je, ni kweli kwamba namba hii ilikutwa ndani ya piramidi za Misri, na je, mtu akiichezea bahati nasibu atapata? Jibu ni hapana, na tena hapana. Lakini hapana kavu haijawahi kumtosha muulizaji, kwa hiyo afadhali namba ionyeshwe inavyozaliwa, kisha piramidi ipimwe kwa vipimo vyake yenyewe.

Kuzaliwa kwake kunahitaji kalamu na nusu ukurasa. Katika kugawa 1 kwa 7 kwa njia ndefu ya shule ya msingi, kila baki huongezewa sifuri na kugawanywa tena. 10 kwa 7 ni 1, baki 3. 30 kwa 7 ni 4, baki 2. 20 kwa 7 ni 2, baki 6. 60 kwa 7 ni 8, baki 4. 40 kwa 7 ni 5, baki 5. 50 kwa 7 ni 7, baki 1. Baki imerudi 1, pale kazi ilipoanzia, kwa hiyo kuanzia hapo kila kitu kinajirudia. Kinachogawanywa kwa 7 hakiwezi kubakiza zaidi ya 6, na baki ya 0 ingemaliza hesabu. Zinazowezekana ni sita tu, na hesabu hii imezipitia zote sita. Kwa hiyo 2/7 si hesabu mpya. Ni kuanza na baki 2, ambayo tayari iko katikati ya mzunguko, na kuendelea kutoka hapo: 2, 8, 5, 7, 1, 4. Ni daladala ya njia ya kuzunguka. Vituo ni vilevile, abiria tu ndiye anayepandia kituo kingine. Mara 7 inaleta 999999 kwa sababu namba yenyewe ilipatikana kwa kugawa 999999 kwa 7, na anayeshangaa kuiona ikirudi anashangaa kwamba chenji aliyoitoa mfukoni ingali yake.

Hata mara 8 mzunguko haupotei, unajificha tu. 142857 mara 8 ni 1142856. Tarakimu ya 1 iliyochomoza mbele ikiondolewa na kujumlishwa nyuma, 142856 na 1, namba ya mwanzo inarudi. Mara 13 ni 1857141, na 857141 na 1 ni 857142.

Sifa nyingine zinafuata njia hiyohiyo. Namba ikikatwa katikati, 142 na 857 zinajumlika kuwa 999. Ikikatwa vipande vitatu, 14 na 28 na 57 zinakuwa 99. Jambo hili linaitwa kanuni ya Midy, kwa jina la Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1836, na sababu yake iko kwenye baki. Nusu ya pili ya mzunguko inaanzia kwenye baki 6, na 1/7 na 6/7 zikijumlishwa ni kitu kizima, yaani 0.999999 bila mwisho. Vipande vitatu vinaanzia kwenye baki 1, 2 na 4, ambazo nazo jumla yake ni 7.

Wako pia wanaotikisa kichwa kwa kuwa namba hii haina 3, 6 wala 9, kana kwamba kuna mtu aliyezikataza kuingia. Tarakimu zake ni sehemu nzima za 10/7, 20/7, 30/7, 40/7, 50/7 na 60/7. Majibu hayo, kuanzia 1.43 hivi hadi 8.57 hivi, yameachana kwa hatua sawa za takriban 1.43, nayo yanaangukia 1, 2, 4, 5, 7 na 8. Hatua iliyozidi 1 lazima iruke baadhi ya namba. Ilizoruka ni 3 na 6, na 9 haifikiwi.

Sifa inayostahili kutazamwa kwa karibu haisimuliwi sana. 142857 ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 20408122449. Jibu hilo likikatwa, 20408 na 122449, na vipande vikajumlishwa, namba inarudi ilivyokuwa: 142857. Namba za aina hii zinaitwa namba za Kaprekar, kwa jina la D. R. Kaprekar (1905–1986), mwalimu wa shule wa Devlali nchini India. Maelezo yake ni mafupi. 142857 ikitolewa 1 inabaki 142856, ambayo ni 7 mara 20408. Kwa hiyo 142857 mara 142856 ni sawa na 142857 mara 7 mara 20408, yaani 999999 mara 20408. Ikiongezwa 142857 moja ili itimie namba mara yenyewe, jumla ni milioni 20408, kutoa 20408, kuongeza 142857. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni 122449. Vipande viwili vimeonekana, na kujumlika kwao kuwa 142857 hakuhitaji tena kuelezwa.

Sasa piramidi. Dai lenyewe halikai mahali pamoja: mara namba ilichongwa ukutani, mara ilikutwa kwenye chumba cha mfalme, mara makuhani waliitumia kupanga juma la siku saba. Hakuna msimuliaji anayetaja ukuta gani, piramidi ipi, wala nani aliyeusoma. Lakini hata bila kuudai ushahidi huo, dai linaanguka lenyewe kwa sababu ya namna Wamisri wa kale walivyoandika namba. Walikuwa na alama ya moja, ya kumi, ya mia, ya elfu, ya elfu kumi na ya laki, na kila alama ilirudiwa kadiri ya idadi. 142857 kwa maandishi yao ni kiluwiluwi kimoja cha laki, vidole vinne vya elfu kumi, mayungiyungi mawili ya elfu, mizingo minane ya kamba ya mia, alama tano za kumi na vijiti saba. Mara 2 yake, 285714, ni viluwiluwi viwili, vidole vinane, mayungiyungi matano, mizingo saba ya kamba, alama moja ya kumi na vijiti vinne. Hakuna kilichozunguka mbele ya macho. Kuzunguka kunaonekana pale tu ambapo tarakimu moja, kwa umbo lilelile, inamaanisha mia ikiwa hapa na elfu ikisogezwa nafasi moja kushoto. Mwandiko wa aina hiyo ulitoka India na kusambazwa na wanahesabu wa Kiislamu, zaidi ya miaka elfu tatu baada ya Piramidi Kuu ya Khufu kusimama Giza.

Desimali ndizo zilizochelewa zaidi. Maandishi ya kale kabisa yanayojulikana yenye sehemu za desimali ni ya al-Uqlidisi wa Damascus, mwaka 952. Al-Kashi alizitumia kwa ustadi huko Samarkand mwaka 1427, na Simon Stevin akazitangaza Ulaya mwaka 1585. Wamisri wa kale walikuwa na sehemu za namna nyingine kabisa: takriban kila sehemu iliandikwa kama jumla ya sehemu zenye 1 juu. Mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na karani Ahmes mnamo 1550 KK na ambayo sasa yako katika British Museum, London, yana orodha ndefu ya majibu ya hesabu hizo. Ndani yake 2/7 ni 1/4 na 1/28. Jibu ni sahihi, na ni la ustadi mkubwa, lakini haliwezi kuzaa 142857 hata likikamuliwa usiku kucha.

Mtetezi mjanja zaidi huacha kuta na kushika vipimo. Piramidi ya Khufu, kwa dhiraa ya kifalme ya Misri, ilipangwa iwe na upande wa dhiraa 440 na kimo cha dhiraa 280. Mzunguko wa kitako chake ni dhiraa 1760. 1760 ikigawanywa kwa 280 inatoa 6.285714285714, na hapo kikokotoo huinuliwa juu kwa ushindi: 285714, namba yenyewe, imezunguka hatua mbili tu! Hesabu hiyo ni ya kweli. Sababu yake haina siri hata chembe. Dhiraa ya kifalme iligawanywa katika viganja 7, na kila kiganja vidole 4, jumla vidole 28. Mafundi walipima mteremko wa ukuta kwa kuhesabu viganja vya kuingia ndani kwa kila dhiraa moja ya kupanda juu; kwa Khufu ni viganja 5 na vidole 2, yaani viganja 5 na nusu. Dhiraa moja ni viganja 7, kwa hiyo uwiano wa upande na kimo uliotoka mikononi mwa mafundi hao mara nyingi ulibeba 7 chini yake. 7 ilikuwa kwenye rula. Anayegawanya vipimo vilivyotoka kwenye rula ya saba kwa kikokotoo cha kumi mara nyingi ataona 142857 ikizunguka, kama atakavyoiona akigawa shilingi 3,000 kwa watu saba: kila mmoja 428.571428. Hakuna aliyewahi kudai kwamba noti hizo zina siri ya Farao.

Kikokotoo cha kumi ndilo neno lenye uzito hapo. 142857 si mali ya 7 peke yake, ni mtoto wa 7 na 10, na 10 imetoka kwenye vidole vya binadamu. Watu wanaohesabu kwa nane wangeandika moja ya saba kama 0.111111, kwa sababu 8 kwa 7 ni 1, baki 1, basi. Mzunguko wote umekufa. Wanaohesabu kwa tano wangepata 032412, namba nyingine kabisa ambayo nayo inazunguka kwa namna yake. Kwa sitini, kama walivyohesabu Wababeli, moja ya saba ni 8, 34, 17, kisha 8, 34, 17 tena. Siri ya ulimwengu inayobadilika kwa kubadili idadi ya vidole ni siri ya vidole.

Sehemu kubwa ya heshima inayopewa namba hii ni ya juzijuzi. Katika karne ya 20 mwalimu wa mambo ya kiroho George Gurdjieff alifundisha umbo lake la pembe tisa lenye mistari inayopitia 1, 4, 2, 8, 5, 7 kwa zamu, na kitabu cha mwanafunzi wake Ouspensky kilichotoka mwaka 1949 kikalieneza. Wasimuliaji wengine wameongeza juma na piramidi.

Kuhusu bahati nasibu maneno ni machache. Katika mchezo wa tarakimu sita, kuanzia 000000 hadi 999999, 142857 ina nafasi moja katika milioni, sawasawa na 480316 ambayo haimfurahishi mtu. Mipira haijui kuzidisha. Kuna hasara moja ya ziada ambayo wauza siri hawaitaji: zawadi inapogawanywa kati ya wote waliopatia, namba mashuhuri ndiyo mbaya kuliko zote kuchagua, maana siku itakapotoka itakuwa na wadai wengi. Na anayeuza 'fomula ya 142857' ya kupanga mkeka wa mpira anauza jedwali la saba, ambalo watoto hulipata bure.

Maajabu ya kweli yako kwingine, na yanapuuzwa. Namba hii ina ndugu. Moja ya 17 inatoa 0588235294117647, tarakimu 16 zinazozunguka kwa utiifu uleule: mara 2 ni 1176470588235294. Moja ya 19 inatoa 052631578947368421. Chini ya 100, namba tasa zenye tabia hii ni 7, 17, 19, 23, 29, 47, 59, 61 na 97. Nyingine zina mzunguko uliovunjika: 13 ina mizunguko miwili, 076923 na 153846, na sehemu za kumi na tatu zimegawana hiyo miwili, sita huku na sita kule. Kinachoitofautisha 142857 na ndugu zake ni kwamba ni yenyewe tu isiyoanza na sifuri, kwa kuwa 7 ndiyo pekee kati yao iliyo ndogo kuliko 10.

Je, ndugu hao wana mwisho? Hapo wanahisabati wenyewe wamekwama. Carl Friedrich Gauss alizishughulikia desimali zinazojirudia katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1801. Emil Artin mwaka 1927 alitoa dhanio ambalo likiwa kweli, takriban asilimia 37.4 ya namba tasa zote zina tabia ya 7. Christopher Hooley mwaka 1967 alionyesha kwamba dhanio linasimama iwapo dhanio jingine zito zaidi, la Riemann katika sura yake pana, litakuwa kweli. Hilo la pili halijathibitishwa. Kwa hiyo hadi sasa hakuna uthibitisho kwamba namba tasa za aina hii hazina mwisho, ingawa kompyuta zinaendelea kuzikuta kila zinapotafuta. Swali hili halina video.

Liko pia kosa dogo linalozaliwa darasani. Kwa kuwa mitihani imezoea kuagiza 'tumia 22/7', wengi hukua wakiamini kwamba pai ndiyo 22/7, na kwamba tarakimu zake ni 3.142857 zikijirudia. Pai ni 3.14159 na kuendelea, haijirudii, na Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Archimedes, aliyeipa 22/7 heshima yake, alisema wazi kwamba pai ni ndogo kuliko hiyo.

Matumizi, kwa anayeyataka. Kukumbuka namba: 14, mara mbili yake 28, mara mbili tena 56 ila ongeza 1. Kuandika sehemu yoyote ya saba bila kikokotoo: tarakimu zipangwe kwa ukubwa, 1, 2, 4, 5, 7, 8, 1/7 inaanza na ya kwanza, 2/7 na ya pili, 5/7 na ya tano, yaani 7, na zinazofuata zinajipanga zenyewe, 0.714285. Kupata baki kwa simu: namba igawanywe kwa 7 na itazamwe tarakimu ya kwanza baada ya nukta, nafasi yake katika orodha hiyo ndiyo baki. Tanganyika ilipata uhuru Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1961. Hadi 9 Desemba 2025 ni siku 23,376, simu inatoa 3339.428571, 4 ni ya tatu katika orodha, baki 3, kwa hiyo ni Jumanne. Kuhusu duara, 22/7 inazidisha kwa takriban asilimia 0.04, sentimita 4 kwa kila mita 100 za mzingo. Kwa tangi la maji haina neno, kwa kazi nyeti zaidi ipo 355/113 ya Zu Chongzhi wa China wa karne ya 5, sahihi hadi nafasi sita za desimali. Kujua kama namba kubwa inagawanyika kwa 7, 11 au 13 kwa pamoja: ikatwe tarakimu tatutatu kutoka kulia, vipande vitolewe na kujumlishwa kwa zamu, kisha lipimwe jibu dogo, kwa kuwa 1001 ni 7 mara 11 mara 13. Kwa 142857 ni 857 kutoa 142, yaani 715, ambayo ni 5 mara 11 mara 13. Inagawanyika kwa 11 na kwa 13, lakini kwa 7 haigawanyiki, inabaki 1.